Msimu Mmoja wa Jack Lummus

Andrew Jackson Lummus, aliyejulikana kwa jina fupi la Jack, alicheza futiboli ya Kimarekani ya kulipwa kwa msimu mmoja tu, wa mwaka 1941, akiwa na klabu ya New York Giants. Alishuka uwanjani katika mechi tisa za ligi na kudaka pasi moja iliyoisogeza timu yake yadi tano. Desemba ya mwaka huo Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia, na Januari 1942 Lummus akajiandikisha katika Jeshi la Marine. Alifariki Machi 8, 1945 katika kisiwa cha Iwo Jima, akiwa luteni mwenye umri wa miaka 29. Baada ya kifo chake alitunukiwa Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa katika majeshi ya Marekani.

Maisha yake ya uchezaji yanaweza kusimuliwa kwa tarakimu mbili: mechi tisa na pasi moja. Tarakimu hizo ni za kweli, ila zinaeleza kidogo mno, kwa sababu nafasi aliyocheza ilikuwa na kazi nyingi ambazo hakuna aliyezihesabu. Zaidi ya hayo, msimu huo ulikatika kwa sababu zilizo nje ya uwanja. Lummus alikuwa mmoja wa mamia ya wachezaji ambao vipawa vyao vilikomaa mwaka ule ule taifa lao lilipoanza kuita vijana wake vitani.

Kutoka Ennis hadi Baylor

Lummus alizaliwa Oktoba 22, 1915 katika mji mdogo wa Ennis, jimboni Texas, kusini mwa Dallas. Ennis ulikuwa mji wa reli, umezungukwa na mashamba ya pamba yaliyoenea katika udongo mweusi wa Wilaya ya Ellis. Ujana wake ulikutana na mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, wakati bei ya pamba iliposhuka na familia nyingi za wakulima kufilisika. Kwa kijana wa mazingira hayo, michezo ilikuwa mojawapo ya njia chache za kupata elimu ya juu bila wazazi kulipa ada wasiyokuwa nayo.

Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha Chuo Kikuu cha Baylor mwaka 1937. Baylor ni chuo cha Wabaptisti kilichoanzishwa mwaka 1845, na makao yake yako Waco, katikati ya Texas. Lummus alicheza huko michezo miwili, besiboli na futiboli, yote chini ya kocha Morley Jennings. Katika besiboli alikuwa mlinzi wa uwanja wa kati, nafasi inayohitaji mtu mwenye mbio ndefu na jicho la kukadiria mpira utakapoangukia. Wengi waliomwona walimhesabu miongoni mwa wachezaji bora wa nafasi hiyo katika vyuo vya eneo lile. Katika futiboli alisimama kwenye ncha ya mstari wa mbele.

Ligi ya vyuo vya Kusini Magharibi haikuwa mahali pa mzaha. Katika miaka hiyo Chuo Kikuu cha Kikristo cha Texas kilimtoa mrushaji Davey O'Brien, na Chuo cha Texas A&M kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1939. Timu za ligi hiyo zilijulikana kwa kurusha mpira mara nyingi kuliko ilivyokuwa desturi kwingineko nchini. Mchezaji wa ncha aliyetoka huko alikuwa amezoea kukimbia mbali na kudaka, na pia kuwazuia warushaji hodari wa timu pinzani.

Mapenzi ya kwanza ya Lummus yalikuwa besiboli. Mwaka 1941 alisaini mkataba na timu ya Wichita Falls Spudders, iliyocheza katika daraja la chini kabisa la besiboli ya kulipwa. Wakati huohuo alijaribu urubani katika kikosi cha anga cha Jeshi la Marekani. Alifaulu kurusha ndege peke yake, kisha siku moja, alipokuwa akiiendesha ndege ardhini, bawa lake likagonga uzio. Kosa hilo lilitosha kumwondoa katika mafunzo. Majira ya joto yalipokwisha hakuwa rubani wala mchezaji wa besiboli mwenye mustakabali wa kueleweka, na ndipo futiboli ilipomfungulia mlango.

Kazi ya endi

Ili kuuelewa msimu wake, ni lazima kwanza kuielewa nafasi yake. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande, katika uwanja wenye urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Mpira una umbo la yai. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi kumi. Ikifaulu, huanza kuhesabu upya. Ikishindwa, hukabidhi mpira kwa wapinzani. Mpira unaweza kubebwa kwa mbio au kurushwa kwa mkono kwenda mbele.

Kwa kanuni, wachezaji wasiopungua saba wa timu inayoshambulia hujipanga kwenye mstari mmoja kabla ya mpira kuanza. Wa katikati huupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, na walio kando yake huwazuia wapinzani kwa miili yao. Wawili wanaosimama kwenye miisho ya mstari huo, mmoja kila ncha, ndio walioitwa endi. Kati ya wote walio kwenye mstari, hao wawili tu ndio walioruhusiwa kukimbia mbele na kudaka pasi.

Siku hizi kila klabu ya kulipwa ina kundi moja la kushambulia na jingine la kulinda. Mwaka 1941 haikuwa hivyo. Orodha ya klabu haikuzidi wachezaji 33, na kanuni za kubadilisha wachezaji zilikuwa na masharti, hivyo mtu aliyeanza mchezo alishambulia na kulinda kwa zamu bila kutoka uwanjani. Timu yake ilipokuwa na mpira, endi alizuia wapinzani ili mwenzake apite, na mara mojamoja alikimbia kudaka pasi. Wapinzani walipokuwa na mpira, yeye ndiye aliyeulinda ukingo. Kazi yake ilikuwa kumzuia mkimbiaji asizunguke nje ya mstari, kumrudisha katikati penye msongamano, au kumwangusha. Mpira ulipopigwa teke kwenda mbali, endi walikuwa watu wa kwanza kufika kwa mpokeaji.

Takwimu za enzi hizo zilihesabu pasi zilizodakwa, yadi na pointi. Hazikuhesabu mkimbiaji aliyerudishwa ndani wala njia iliyofunguliwa kwa bega. Kulikuwa na endi mmoja aliyevunja kawaida hiyo, Don Hutson wa Green Bay Packers, aliyedaka pasi 58 katika msimu huo wa 1941. Klabu yake ilikuwa imejenga mashambulizi yote juu ya mikono yake. New York Giants walijengwa vingine kabisa. Kocha wao, Steve Owen, aliyekuwa mchezaji wa mstari wa mbele katika siku zake, aliamini kwamba mechi hushindwa kwa ulinzi mgumu, mbio za kuvumilia na mateke sahihi. Katika timu ya namna hiyo, endi mgeni aliyedaka pasi moja kwa msimu mzima alikuwa ametimiza kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Msimu wa 1941

Ligi ya Taifa ya Futiboli, NFL, ilikuwa na klabu kumi tu mwaka huo. Wachezaji wa vyuo waliotamaniwa zaidi waligawanywa kwa klabu kupitia utaratibu wa uchaguzi wa kila mwaka, ulioanza mwaka 1936. Lummus hakuchaguliwa na klabu yoyote. Alialikwa na Giants kujaribiwa, akasafiri hadi kambi yao ya mazoezi huko Superior, jimboni Wisconsin, na kushindania nafasi na wanaume waliokuwa wamekomaa katika ligi. Wengi wa wanaoalikwa hivyo hurudishwa nyumbani kabla msimu haujaanza. Yeye alibaki.

Klabu aliyoingia ilikuwa miongoni mwa zile zenye heshima kubwa nchini. Tim Mara aliianzisha mwaka 1925 kwa ada ya dola 500, na ilikuwa imetwaa ubingwa mwaka 1927, 1934 na 1938. Mechi za nyumbani zilichezwa Polo Grounds, uwanja mrefu wa umbo la kiatu cha farasi uliokuwa kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan. Katikati ya mstari alisimama Mel Hein, aliyekuwa katika ligi tangu 1931 na kuhesabiwa na wengi kuwa mchezaji bora wa nafasi yake. Nyuma yake walikuwapo Tuffy Leemans, mkimbiaji na mrushaji, na Ward Cuff, mpiga mateke wa kutegemewa. Kwenye ncha Lummus aliwakuta wazoefu kama Jim Poole na Jim Lee Howell, waliokuwa na haki ya kwanza ya kuanza.

Alicheza mechi tisa kati ya kumi na moja za msimu, nyingi akiwa mtu wa akiba anayeingia kuwapumzisha wakubwa. Timu ilifanya vizuri. Ilishinda mechi nane na kupoteza tatu, mbili kati ya hizo mbele ya Brooklyn Dodgers, majirani zake wa jiji. Kabla mechi ya mwisho haijachezwa, Giants walikuwa tayari wameshika nafasi ya kwanza katika kundi la mashariki na kupata tiketi ya fainali.

Mechi hiyo ya mwisho iliangukia Jumapili, Desemba 7, 1941. Ilikuwa siku ya kumheshimu Tuffy Leemans, na watu zaidi ya 55,000 walifurika Polo Grounds kuishuhudia Giants ikikutana tena na Brooklyn. Mchezo ukiendelea, kituo cha redio cha WOR kilikatiza matangazo ya mechi na kutoa habari kwamba Japani imeishambulia kwa ndege kambi ya meli za kivita ya Pearl Harbor, Hawaii. Waliokuwa nyumbani wakajua. Waliokuwa uwanjani hawakuambiwa lolote, ila vipaza sauti vilianza kuwaita watu kwa majina, akiwemo Kanali William Donovan, aliyeiongoza idara mpya ya ujasusi ya serikali. Brooklyn walishinda 21 kwa 7, na umati ulipotoka nje ndipo ulipokutana na habari za vita.

Wiki mbili baadaye, Desemba 21, Giants walicheza fainali dhidi ya Chicago Bears katika uwanja wa Wrigley Field, Chicago. Bears walikuwa timu ya kutisha, mabingwa wa mwaka uliotangulia kwa ushindi wa 73 kwa 0 juu ya Washington. Mawazo ya taifa yalikuwa kwingine: watazamaji 13,341 tu walijitokeza, idadi ndogo kuliko ya fainali yoyote ya ligi hiyo. Giants walisimama imara hadi kipindi cha pili, wakasawazisha 9 kwa 9, kisha wakazidiwa. Bears waliongeza pointi 28 bila kujibiwa na kushinda 37 kwa 9. Mechi hiyo ndiyo iliyofunga msimu wa kwanza na wa mwisho wa Lummus.

Ligi inayopungukiwa watu

Sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini ilikuwa imepitishwa tangu Septemba 1940, na wanaume wa rika la wachezaji ndio hasa waliolengwa. Baada ya Pearl Harbor, mkondo wa watu waliotoka viwanjani kwenda kambini uligeuka mafuriko. Kabla vita havijaisha, wachezaji zaidi ya 600 wa NFL walikuwa wamevaa sare za jeshi. Kwa ligi ya klabu kumi zenye wachezaji 33 kila moja, hesabu hiyo ina maana kwamba vikosi vyote vilibadilika karibu mara mbili.

Athari zake zilionekana haraka. Mwaka 1943 Cleveland Rams walisimamisha shughuli kwa msimu mzima. Mwaka huohuo Philadelphia Eagles na Pittsburgh Steelers waliunganishwa wakawa timu moja, ambayo mashabiki waliipa jina la Steagles kwa kuunganisha majina mawili, na ikamaliza kwa ushindi wa mechi tano, kushindwa nne na sare moja. Msimu uliofuata Pittsburgh waliunganishwa na Chicago Cardinals, na timu hiyo ikapoteza mechi zote kumi. Wazee waliokwisha kustaafu walirudishwa uwanjani, na waliokataliwa na madaktari wa jeshi kwa kasoro za macho, masikio au magoti wakapata ajira.

Uhaba huo ulibadilisha hata kanuni. Mwaka 1943 ligi iliruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, ili timu zenye watu wachache na wachovu ziweze kumaliza mechi. Baada ya vita uhuru huo ulizaa mtindo wa kuwa na kundi la kushambulia na kundi la kulinda, na ukawa mwisho wa mchezaji anayefanya kazi zote mbili. Endi wa aina ya Lummus, aliyeshambulia na kulinda katika mechi moja, alitoweka pamoja na enzi yake.

Kutoka uwanjani hadi kisiwani

Lummus hakusubiri kuitwa. Januari 30, 1942, wiki sita tu baada ya fainali, alijiandikisha katika Jeshi la Marine akiwa askari wa kawaida. Baada ya mafunzo ya awali alichaguliwa kwenda Quantico, Virginia, shule ya maofisa wa jeshi hilo, na akatoka huko na cheo cha luteni usu. Mapema mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa maofisa wa Rejimenti ya 27 katika Divisheni ya 5, iliyoundwa wakati huo katika kambi ya Pendleton, California. Baadaye divisheni hiyo ilivuka bahari hadi kisiwa cha Hawaii, ikajifua miezi kadhaa katika kambi ya Tarawa, bila askari wa kawaida kuambiwa wanakwenda wapi.

Walikuwa wakienda Iwo Jima, kisiwa cha volkano chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 21, kilicho kilomita zipatazo 1,200 kusini mwa Tokyo. Majeshi ya Marekani yalikihitaji kwa ajili ya viwanja vyake vya ndege, vilivyokuwa katika njia ya ndege kubwa za B-29 zilizokuwa zikiishambulia Japani kutoka visiwa vya Mariana. Upande wa pili, Jenerali Tadamichi Kuribayashi alikuwa na askari wapatao 21,000. Aliwakataza kupoteza maisha katika mashambulizi ya pamoja ufukweni. Badala yake alichimbisha mahandaki yenye urefu wa kilomita nyingi, yaliyounganisha ngome ndogo za zege, mapango na mashimo ya wapiga risasi, kila moja likilindwa na jirani yake.

Marine walitua asubuhi ya Februari 19, 1945. Rejimenti ya 27 ilikuwa miongoni mwa vikosi vya kwanza kukanyaga ufuko, na Lummus alikuwa pamoja nao. Mchanga ulikuwa majivu meusi ya volkano yaliyomeza miguu ya askari na magurudumu ya magari. Bendera iliyosimikwa Februari 23 juu ya Mlima Suribachi, ambayo picha yake ilienea duniani kote, haikuwa mwisho wa vita hivyo. Mapigano makali zaidi yalifuata katika mabonde na miamba ya kaskazini, na yaliendelea hadi Machi 26.

Kwa siku za mwanzo Lummus alifanya kazi ya ofisa mwunganishi, aliyepeleka taarifa kati ya makamanda na vikosi vya mbele. Maofisa wa mstari wa mbele walipozidi kuuawa na kujeruhiwa, alikabidhiwa platuni ya askari wa bunduki katika batalioni ya pili ya rejimenti hiyo. Kufikia Machi 8 platuni yake ilikuwa imepigana siku mbili mchana na usiku bila kupumzika, ikijaribu kupenya kwenye miamba iliyoelekea ncha ya kaskazini ya kisiwa.

Machi 8, 1945

Maelezo rasmi yaliyoambatana na nishani yake yanasimulia kwa mpangilio yaliyotokea siku hiyo. Platuni ilipozuiwa na risasi kutoka ngome zilizofichwa, Lummus alitangulia mbele ya askari wake. Bomu la mkono lililipuka karibu naye likamwangusha. Aliinuka, akaifikia ngome ya kwanza na kuiteketeza. Mara risasi zikaanza kumiminika kutoka ngome ya pili. Alipoielekea, bomu jingine lilimwangusha tena na kumjeruhi bega. Aliinuka kwa mara ya pili, akaivamia ngome hiyo na kuwamaliza waliokuwa ndani.

Kisha alirudi kwenye platuni yake na kupita wazi mbele ya moto wa adui, akiwatia moyo askari na kuelekeza mizinga ya vifaru kwenye ngome nyingine. Shambulio lilipokwama tena, alitoka peke yake kwa mara ya tatu na kuiangamiza ngome ya tatu. Baada ya hapo aliwaongoza askari wake kuyafagia mashimo yaliyobaki, yeye mwenyewe akiwa mbele na bunduki yake fupi. Katika hatua hiyo alikanyaga bomu lililotegwa ardhini.

Mlipuko uliiharibu kabisa miguu yake yote miwili. Vumbi lilipotulia, askari walimwona akiwa wima kwenye shimo, wakadhani amesimama ndani yake. Walipofika karibu ndipo walipotambua kwamba miguu haipo. Aliendelea kuwapigia kelele wasisimame, wasonge mbele. Keyes Beech, mwandishi wa habari wa Marine aliyekuwa kisiwani, aliandika jinsi askari hao walivyolia kwa uchungu na hasira, kisha wakainuka na kusonga yadi 300 katika ardhi ambayo hapo kabla walikuwa wakiipata kwa hatua chache chache.

Lummus alipelekwa hospitali ya uwanja wa vita akiwa na fahamu zake. Inasimuliwa kwamba alimwambia daktari aliyemhudumia kuwa siku hiyo New York Giants walikuwa wamepoteza endi mzuri sana. Katika dakika zake za mwisho alijitaja kwa nafasi yake uwanjani, ile aliyoishika kwa mechi tisa. Madaktari walimwongezea chupa kumi na nane za damu, lakini majeraha ya ndani yalikuwa makubwa mno, akafariki wakati wa upasuaji.

Vita vya Iwo Jima viliwagharimu Wamarekani takriban watu 6,800 waliokufa na wengine zaidi ya 19,000 waliojeruhiwa. Upande wa Japani, karibu kikosi chote kiliangamia. Nishani za Heshima 27 zilitolewa kwa mapigano ya kisiwa hicho, na takriban nusu ya waliotunukiwa hawakuwa hai kuzipokea.

Wenzake wa msimu mfupi

Lummus hakuwa peke yake katika msiba huo. Katika fainali ya Desemba 1941, Bears walikuwa na mrushaji wa akiba aliyeitwa Young Bussey, ambaye naye alikuwa katika msimu wake wa kwanza. Bussey alijiunga na Jeshi la Wanamaji na kuuawa Januari 1945 katika Ghuba ya Lingayen, Ufilipino. Fainali hiyo iliwakutanisha vijana wawili ambao hawakurudi tena katika ligi. Iwo Jima yenyewe iliwachukua wengine wawili wa NFL: Howard Johnson, mchezaji wa mstari wa Green Bay Packers, na Jack Chevigny, aliyewahi kuwa kocha wa Chicago Cardinals.

Giants walikuwa wamempoteza mwingine kabla ya Lummus. Al Blozis, mwana wa wahamiaji kutoka Lithuania aliyekulia New Jersey, alijiunga na klabu hiyo mwaka 1942, hivyo wawili hao hawakuwahi kucheza pamoja. Alikuwa mtu wa futi sita na inchi sita, bingwa wa taifa wa kutupa tufe tangu akiwa Chuo Kikuu cha Georgetown. Jeshi lilimkataa mwanzoni kwa sababu ya urefu wake, naye akaomba hadi akakubaliwa. Desemba 1944, akiwa likizoni, alicheza fainali ya ligi dhidi ya Green Bay, ambayo Giants walishindwa 14 kwa 7. Wiki sita baadaye, Januari 31, 1945, katika theluji ya milima ya Vosges nchini Ufaransa, askari wake wawili hawakurudi kutoka doria. Blozis alitoka peke yake kuwatafuta, na hakuonekana tena.

Anayefanana zaidi na Lummus ni Maurice Britt wa Detroit Lions. Naye alikuwa endi, naye alicheza msimu mmoja tu, na msimu huo ulikuwa ule ule wa 1941, ambapo alidaka pasi ya yadi 45 iliyoipa Detroit ushindi juu ya Philadelphia. Nchini Italia, Novemba 1943, aliongoza askari wachache kuzuia shambulio la Wajerumani, akapata Nishani ya Heshima. Miezi michache baadaye, huko Anzio, alipoteza mkono wake wa kulia. Britt alirudi nyumbani hai na baadaye akawa naibu gavana wa Arkansas kuanzia 1967 hadi 1971. Vita vilimwachia uhai lakini vilimnyang'anya mkono, na kwa endi mkono ndio kazi.

Kumbukumbu

Mwili wa Lummus ulizikwa kwanza katika makaburi ya Divisheni ya 5 huko Iwo Jima, kisha ukarudishwa Ennis na kuzikwa katika makaburi ya Myrtle. Mei 30, 1946, siku ambayo Wamarekani waliwakumbuka askari wao waliofariki, mama yake alikabidhiwa Nishani ya Heshima ya mwanawe. Ennis iliipa shule jina lake. Mwaka 1986 meli ya kubeba vifaa vya Marine iliitwa kwa jina la Luteni Jack Lummus.

Giants nao walimkumbuka. Bamba la ukumbusho lilibandikwa Polo Grounds kwa ajili yake, kama ilivyofanywa kwa Blozis, ambaye pia fulana yake namba 32 haikuvaliwa tena na mchezaji yeyote wa klabu hiyo. Mwaka 2015 klabu iliingiza jina la Lummus katika mduara wa heshima wa uwanja wake, mahali palipotengwa kwa watu walioijenga. Wengi wa wanaotajwa hapo walicheza miaka kumi au zaidi, wakatwaa mataji na kuweka rekodi. Yeye alicheza mechi tisa, akadaka pasi moja, na kuulinda ukingo wa mstari kila alipoitwa kuingia.